Areka za vitalu vya barabarani Dar: nunua shina, usinunue urefu

Kwenye vitalu vya pembezoni mwa barabara, kuanzia Msasani hadi Tegeta, areka, mmea wa mapambo wa jamii ya minazi, hupangwa kwa urefu na bei hupanda kwa urefu huohuo. Hapo ndipo mnunuzi anapoumia. Areka iliyorefuka kwa kubanana kivulini ina mashina membamba na makuti yanayolala. Ile ya kimo cha kiuno yenye mashina manene ni bora zaidi, na ni nafuu.

Mche wenyewe tunausifu. Asili yake ni Madagaska, na joto na unyevu wa Pwani unaupenda. Vikonyo vyake vya njano si ugonjwa, ndivyo ulivyo. Kasoro kubwa iko kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki unaobeba mche.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akiinue mbele yako. Ukisikia mizizi ikikatika chini, mche umekaa hapo siku nyingi hadi ukazamisha mizizi ardhini, na ukifika nyumbani utanyauka hata ukimwagiliwa. Kisha vuta taratibu jani changa la katikati, lile ambalo halijafunguka. Likichomoka na kutoa harufu, kilele kimeoza, na shina hilo halitoi jani tena. Mwisho, futa migongo ya majani kwa karatasi nyeupe. Ukiona michirizi ya wekundu, huo ni utitiri, na ndani ya chumba chenye kiyoyozi utaongezeka haraka kwa sababu unapenda hewa kavu.

Huduma ya kuhamishia kwenye chungu tunaipa alama za wastani. Mafundi wana mkono mwepesi, lakini wengine hufukia mashina kwa udongo ili mche usimame, na mashina yanaoza. Sisitiza kina kilekile cha kwenye kiriba. Chungu kizidi kiriba kwa sm 5 tu upana, kiwe na matundu, na udongo uwe sehemu 2 za udongo wa juu, 1 ya mchanga wa mto na 1 ya mboji iliyoiva. Mchanga wa ufukweni ukatae. Wala usikubali wakutenganishie mashina yawe miche miwili, kwani areka haipendi kuchokonolewa mizizi. Ukisafirisha kwa kirikuu, funga makuti kwa kamba, upepo wa njiani unayakausha.

Nyumbani, adui mkubwa ni maji ya kisima yenye chumvi. Ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, watu wanadhani ni kiu, wanaongeza maji yaleyale. Tumia ya mvua au ya bomba la DAWASA, mwagilia pale tu udongo umekauka sm 3 za juu, na mara moja kwa mwezi mimina maji mengi yapite hadi chini yaondoe chumvi.

Madoa ya njano na chungwa kwenye majani ya zamani ni upungufu wa potasiamu. Usiyakate makuti hayo yakiwa bado na ubichi, mmea unachota potasiamu humo kulisha majani mapya. Mbolea ya NPK 17:17:17 ya duka la pembejeo haitoshi. Ulizia yenye potasiamu nyingi na magnesi.

Kwa baraza au uani, areka inunulike bila wasiwasi, ila izoeshwe jua kidogokidogo kwa wiki 2 au 3, na ya kupanda ardhini isubiri masika. Kwa sebule yenye giza, ulizia rapisi, mmea mwingine wa jamii hiyo, ambayo inavumilia kivuli kuliko areka.