Uzoefu wangu: huduma ya kuchezea kwenye seva za kanda nyingine

Nimeitumia huduma hii, ambayo ni VPN inayopitisha intaneti yako kwenye kituo cha nchi nyingine, kwa miezi minne. Inaondoa uzio wa kanda, ila umbali unabaki palepale. Mwanga ndani ya kebo ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde, hivyo seva iliyo kilomita 9,000 haiwezi kukupa ping (muda wa data kwenda na kurudi, kwa milisekunde) chini ya 90. Kinachopunguzwa ni mzunguko tu, pale mtoa intaneti anapozipitisha pakiti zako (vipande vya data) bara jingine bila sababu.

Kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika tracert na anwani ya seva, uone kila ruta ya njiani kwa mstari wake, kisha tafuta mstari ambapo namba zinaruka ghafla na kubaki juu hadi mwisho. Ruta moja ikionyesha namba kubwa au nyota huku zinazofuata ziko chini, iache. Haitoi kipaumbele kwa maswali ya ping, basi. Kwangu seva ya mbali ilishuka kutoka 240 hadi 172. Ya karibu ilipanda kwa 8, kwa kuwa njia yake ilikuwa imenyooka tangu mwanzo.

Mpangilio: chagua kituo cha kutokea kilicho jirani na seva ya gemu, pitisha gemu peke yake, na itifaki, yaani kanuni ya kutuma data, iwe UDP isiyosubiri pakiti iliyopotea. Kwa itifaki nyingine, TCP, pakiti moja ikipotea, zilizo nyuma yake zote husubiri itumwe upya, na taarifa ya mchezaji alikuwa wapi ikichelewa haina kazi tena.

Tatizo lililosumbua zaidi ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. Menyu inafunguka, sauti za wenzako unazisikia, lakini ukiingia mechi skrini ya kupakia inaganda. Huduma huongeza vichwa vyake juu ya kila pakiti, kwa hiyo zile za baiti 1,500 hazipiti. Huduma ikiwa imewashwa, andika ping -f -l 1392 na anwani ya seva inayojibu ping. Ikigoma, punguza 10 hadi ipite. Ongeza 28 kwenye namba iliyopita, na hiyo ndiyo MTU ya kuweka.

Akaunti iliyofungwa kwenye kanda huduma hii haiifungui, maana orodha ya seva inatoka kwenye akaunti yenyewe. Hapo mwenye gemu ndiye wa kufungua. EVE Online, gemu ya vyombo vya anga, imewaweka karibu wachezaji wote, ukiacha China, kwenye ulimwengu mmoja ulioko London, na inawezekana kwa sababu seva yake hupiga hesabu mara moja kwa sekunde. Gemu ya risasi ikipiga mara 64, milisekunde 172 ni mizunguko 11 mizima ya hesabu. Unajificha nyuma ya ukuta na bado unakufa, kwani seva inaheshimu alichokiona mpigaji. Wenyeji wa seva nao wanaumizwa na ping yako vilevile, hivyo naona si haki kuingia mechi za madaraja kule. Gemu za mikakati hazina shida. Soma pia masharti ya gemu yako, maana zipo zinazofungia akaunti kwa VPN.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu programu inaonyesha wastani wa ping tu, bila pakiti zilizopotea wala kuyumba kwake, na ping ya 150 iliyotulia inachezeka kuliko 110 inayorukaruka hadi 180.