Gaslight ya 1944: mume hainui mkono, na bado nilitetemeka

Kila anayeniomba filamu ya kusisimua kuhusu kumpenda mtu wa hatari, sasa namtajia Gaslight iliyoongozwa na George Cukor. Ni ya nyeusi na nyeupe, inakaribia saa mbili, na magari hayakimbizani. Nilitazama na dada yangu mkubwa sebuleni, tukaishia kukaa kochi moja.

Paula Alquist, anayechezwa na Ingrid Bergman, yuko Italia akijifunza kuimba. Ndugu yake aliyemlea, mwimbaji mashuhuri wa opera, aliuawa nyumbani kwao London na muuaji hakupatikana. Huko Italia anampenda mpiga piano, Gregory Anton (Charles Boyer). Anapoombwa ndoa, Paula anataka kwanza akae peke yake kidogo afikiri. Anapanda treni hadi ziwa Como. Treni inasimama, na Gregory yupo pale stesheni anamsubiri. Paula anafurahi mno. Mimi ndipo nilipoanza kuogopa, na filamu ilikuwa bado changa kabisa.

Wanahamia London, kwenye nyumba ileile ya mauaji. Mume anampa pambo la kifuani, analitia mwenyewe kwenye mkoba wa mkewe huku akimwambia kwa upole kwamba yeye ni msahaulifu. Baadaye mkoba unafunguliwa, pambo halimo. Picha inatoweka ukutani, analaumiwa yeye. Kila usiku Gregory akishatoka, taa za gesi zinafifia na nyayo zinasikika juu, kwenye ghorofa iliyofungwa. Paula anayaona na kuyasikia haya yote sawasawa. Ila hana wa kumthibitishia: mpishi ana uziwi, na mtumishi kijana Nancy anamtazama kwa dharau. (Nancy ni Angela Lansbury katika filamu yake ya kwanza kabisa, na huwezi kuamini kwamba ni mgeni kwenye kazi.)

Dada aliuliza, "Mbona haondoki?" Nikamwambia, dada, aondoke aende kwa nani? Majirani wamezuiwa, mialiko inakataliwa, na mtu pekee aliyebaki wa kumuuliza kama ana akili timamu ni huyohuyo anayempoteza. Wanaomwona Paula mjinga wanakosea sana. Anampenda mumewe, na mtu unayempenda unamwamini kuliko macho yako.

Tukio la tamasha la piano ndilo zito kuliko yote. Katikati ya wageni, Gregory ananong'ona kwamba saa yake imepotea, kisha anaitoa kwenye mkoba wa mkewe. Paula anajaribu kujizuia, anashindwa, analia mbele ya watu. Bergman alipata Oscar kwa kazi hii na aliistahili. Boyer naye anatisha kwa sauti ya chini. Mtazame macho yake wanapozuru Mnara wa London na kufika kwenye vito vya kifalme. Hapo anasahau kabisa kama ana mke.

Kinachonikera ni mpelelezi wa Scotland Yard (polisi wa London), Brian Cameron (Joseph Cotten). Ni mtu mwema, lakini hana uzito, na anafumbua mambo mengi ambayo nilitamani Paula ayafumbue mwenyewe. Hata hivyo, karibu na mwisho Paula anapewa dakika zake na mumewe, na hapo alinilipa deni lote. Sisemi zaidi.

Angalia usichanganye na filamu ya Uingereza ya 1940, yenye jina lilelile na iliyotokana na tamthilia ileile ya Patrick Hamilton. Nayo ni nzuri, na ni fupi zaidi, ila wahusika wakuu tunawakuta tayari wameoana, kwa hiyo unakosa kuona mapenzi yalivyoanza. Anza na ya 1944. Na kama umewahi kuishi na mtu wa aina hii, usiitazame peke yako usiku. Kwenye lile tamasha dada aliomba tusimamishe kwanza, tukanywa chai ndipo tukaendelea.