Fizio ya goti na shingo: mikono nyota tano, ngazi nyota moja

Watu wengi mnaniuliza pembeni kuhusu ile kliniki ya fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) ninayoendaga huku Sinza, Dar, ngoja niandike hapa mara moja iishe. Jina siweki maana na mabaya yao nitayasema, anayelitaka anifuate pembeni.

Ishu yangu ilikuwa boda, bajaji ilitugonga kwa nyuma tukiwa kwenye foleni, nikaanguka vibaya goti likapinda kwa ndani, shingo nayo ikachezeshwa mbele nyuma, kesho yake hata kugeuka niangalie nani ananiita siwezi, nageuka mwili mzima. Hospitali nikapigwa eksirei, mifupa salama, nikapewa dawa za maumivu na kola ya shingo basi nikapumzike. Sasa eksirei inaonyesha mfupa, ligamenti (zile kamba zinazounganisha mifupa) haionyeshi, na zile gegedu za kati ya goti nazo haionyeshi, kwa hiyo mtu anaambiwa hamna kitu huku goti limeumuka kama andazi.

Hawa jamaa kilichonifurahisha ni siku ya kwanza. Karibu saa nzima fizio hajaniwekea mashine yoyote, ananiuliza tu na kunishika. Kasoma hospitali ya KCMC kule Moshi, mafizio wengi wa bongo wamepitia pale, na unaona kabisa anajua anachotafuta. Alikunja goti kidogo akavuta mfupa wa chini uje mbele, akausukuma mguu kwa pembeni ukiwa umenyooka na tena umekunjwa, akauzungusha huku anaukunja na kuukunjua, na kila kitu anafanya kwanza kwenye mguu mzima ndo aje kwenye mbovu, kumbe anataka kulinganisha. Shingo vilevile, akapima nguvu za mikono, akagonga na kile kinyundo, akauliza kama kuna ganzi inashuka hadi vidoleni. Mwisho akasema ligamenti ya upande wa ndani wa goti imevutika na kuchanika kiasi, haijakatika, na hiyo mara nyingi inapona bila kupasuliwa. Kola akanivua palepale, kwamba ukiivaa sana misuli ya shingo inalegea na shingo inazidi kukaza, bora uanze kuisogeza mapema taratibu.

Mazoezi yenyewe ukiyaona utacheka, utasema hela yangu nimeliwa. Unakunja taulo unaweka chini ya goti unaligandamiza mpaka paja likaze, unahesabu mpaka tano unaachia. Unanyanyua mguu ukiwa umenyooka. Ya shingo unarudisha kidevu nyuma bila kuinama mpaka mkunjo utokee chini ya kidevu. Baadae ndo yakaja ya kuchuchumaa nusu mgongo ukiwa ukutani na kusimama mguu mmoja, aisee hapo jasho lilinitoka maana paja lilikuwa limeshakonda, na goti linategemea sana huo msuli wa mbele wa paja. Anakutumia video zako mwenyewe WhatsApp ukafanye nyumbani, na akikushika mguu anajua kama ulifanya au ulilala, huwezi kumdanganya.

Kuna dogo mmoja anacheza mpira, kafanyiwa upasuaji wa ACL (ligamenti ya katikati ya goti), kila siku anabembeleza aruhusiwe kurudi uwanjani kwa sababu anasikia yuko freshi. Fizio kamgomea, miezi tisa ndo tuanze kuongea na huo mguu ufike angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake. Nilipenda hiyo, wengine wangemruhusu tu ili asihame na hela yake.

Sasa mabaya. Kliniki iko ghorofa ya pili na lifti hakuna! Yaani kliniki ya magoti, mnatupandisha ngazi, halafu huko juu ndo mnatufundisha namna ya kupanda ngazi. Pili, wateja wakiwa wengi yule msaidizi anakuwekea taa ya joto na zile waya za umeme anaondoka na simu yake, unakaa pale nusu saa unaangalia dari. Joto linapoza maumivu kweli ila huo mguu hauwezi kupata nguvu kwa kuangaziwa taa, na hiyo nusu saa naihesabia kwenye hela yangu. Siku ikiwa hivyo mwambie wazi unataka mazoezi, mimi nilisema na wakabadilika. Tatu, miadi ya saa nne unaingia saa tano, jiandae kisaikolojia.

Bei ni elfu 35 siku ya kwanza, baada ya hapo 25. Wanapokea bima baadhi tu, na bima nyingine zinataka barua ya daktari kwanza na zina kikomo cha idadi ya siku, piga simu kwa bima yako uulize kabla hujapanda hizo ngazi.

Na kama umeumia shingo halafu miguu inakosa nguvu, mikono yote ina ganzi au mkojo unakutoka bila kujua, hapa usije kabisa, nenda emajensi hospitali kubwa, kwa Dar ni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili.

Jumamosi wanafunga saa saba mchana. Vaa kaptura, suruali ya jinzi haipandi juu ya goti na watakuvalisha shuka.