Kukaa juu na darubini au kufuata nyayo bondeni?

Ukitoka Arusha, leseni mkononi, kwenda kuwinda tandala mdogo kwenye vilima vya Longido usivyovijua, una njia mbili.

Ya kwanza ni kupanda mapema na kukaa juu ya mwamba na darubini kunapopambazuka. Tandala hula alfajiri na jioni. Mchana hujificha vichakani, penye miiba na kivuli. Kwa hiyo yale masaa mawili ya kwanza ndiyo mali. Zaidi ya hapo unayasoma makorongo kabla hujayaingia, na njia ya kurudi unaiona. Kinachotakiwa ni subira, na koti zito.

Ya pili, kufuata nyayo bondeni, inamfaa anayeijua nchi. Mgeni husalitiwa na upepo: alfajiri hewa baridi hushuka mlimani, jua likishawaka hewa hupanda na kubeba harufu yako hadi juu. Na ukimwangusha mnyama korongoni, nyama utaipandisha mgongoni.

Mimi namshauri mgeni akae juu siku mbili za mwanzo, pamoja na mwenyeji wa Kimaasai. Nyayo baadaye.