Oveni ya mezani ya lita 35: uzoefu wangu baada ya Maulidi moja na Idi mbili

Nilianza kumsumbua mume wangu tununue oveni mwezi wa Mfunguo Tano. Maulidi yalikuwa yamekaribia, na nyumba yetu hapa Langoni, Amu (Lamu), mwezi wa Mfunguo Sita hujaa wageni hadi wengine hulala sakafuni darini. Kila mwaka mimi na mavyaa yangu, mama wa mume wangu, tunapika mikate usiku kucha kwa seredani mbili, majivu puani. Nikasema mwaka huu hapana.

Niliinunua Mombasa kwa shilingi 8,500. Ikapanda basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti, na kutoka gatini ikaja kwa punda. Ilipofunguliwa, mguu mmoja umepinda. Kumpigia muuzaji, akanijibu kwamba mzigo ukishatoka dukani si wake tena. Basi, mguu ule mpaka leo umekalia kipande cha kigae. Mkiagiza mkiwa huku visiwani, mwambieni mtu afunge boksi ndani ya boksi, na mumlipe kwa hilo.

Tuanze na stima, maana ndilo swali ninaloulizwa na kila jirani. Hii yangu ni ya wati 2,000. Ikiwaka saa nzima mfululizo itakula uniti mbili, ila huwa inajizima na kujiwasha ikishapata moto, kwa hivyo mkate mmoja wa mayai haufiki huko. Kubwa zaidi ni plagi. Siku ya kwanza niliichomeka kwenye ekstensheni ya televisheni, na kabla hata sijamimina unga nikasikia harufu ya plastiki. Nimeshika plagi, ya moto kama kikaango. Ichomekeni ukutani, peke yake.

Mkate wa mayai ulinitesa wiki mbili. Mayai sita, sukari kikombe, unga kikombe, iliki. Nimeyapiga mpaka yamepanda yakawa meupe, ukiinua mchapo yanashuka kama utepe. Unga nimeukunja polepole. Kila kitu sawasawa, na bado chini unaungua, katikati mbichi. Nikamlaumu kuku, nikalaumu unga. Mwisho nikanunua kipimajoto cha kuweka ndani, ndipo nikagundua kitufe kinadanganya: ukiweka 180, ndani mna 210. Sasa naweka 150 na mkate unatoka vizuri. Kona ya nyuma kushoto nayo ina moto kuliko kwengine, kwa hivyo baada ya dakika 25 naligeuza bati. Kabla ya hapo mlango usiufungue hata kama zabibu zinakuita.

Kuna jambo ambalo oveni yoyote ya umeme haina dawa yake. Usiku wa kuamkia Idi Ndogo, mkate una dakika 18 ndani, umepanda mpaka juu ya ukingo, stima ikakatika. Nilikaa gizani nikiuangalia kwa tochi ya simu ukishuka taratibu. Mkate huu hauna hamira, unashikiliwa na hewa ya mayai tu. Ukipoa kabla haujashika, hewa inakwenda zake. Mavyaa yangu hakusema neno. Aliwasha seredani, akaukata ule mkate vipande vyembamba kama vidole, akavikausha juu ya wavu mpaka vikawa vikavu kau kau. Asubuhi wageni walivichovya kwenye chai ya tangawizi na mmoja akaniomba nimfundishe. Sikumwambia ulikotoka mkate ule.

Sasa nifike kwenye sababu inayonifanya nisiiuze. Sinia.

Mkate wa sinia mnaujua: mchele umelala majini usiku, umesagwa na tui zito, hamira, sukari na iliki, umeachwa ukaumuka mpaka una mapovu. Nilipouweka oveni kuanzia mwanzo hadi mwisho, ulitoka umekauka na mgumu pembeni, hauna vile vitundu. Nikamletea mavyaa kipande. Akakitafuna, akakiweka. "Mwanangu, moto wa yuu ndio wenye kazi. Wewe umeuzungushia moto mkate kama mgonjwa wa homa."

Nikafikiri. Nikapaka sinia samli, nikaliweka juu ya jiko la gesi, moto mdogo kabisa, nikamimina. Dakika chache vitundu vikaanza kutoboka juu na kingo zikashika. Hapo oveni ilikuwa imeshawashwa chuma cha juu peke yake. Nikaliingiza sinia safu ya juu na nikasimama pale pale, sikwenda kuswali wala kuangalia simu. Dakika sita hivi ukawa rangi ya dhahabu, na ndani laini. Hakuna jivu lililodondoka, hakuna kaa la kuhamisha kwa koleo juu ya kifuniko. Mavyaa alikula vipande viwili, kisha akasema tui lilikuwa jepesi. Kwa anayemjua, hiyo ni sifa.

Chuma hicho cha juu ndicho ninachotumia pia kwa changu wa kupaka, ingawa nakubali harufu ya makaa haimo na mume wangu analitaja kila mara.

Kwa siku za kawaida, sitaki kuwadanganya. Mbaazi za nazi, wali, mchuzi, sima, oveni haina habari navyo. Inakaa imefunikwa kitambaa. Ninapoiwasha kwa sababu nyingine, nikishatoa kitu naingiza mikate ya jana ile migumu, joto lililobaki linaikausha, nami naisaga iwe unga wa kuvingirishia katlesi za samaki aliyebaki. Kuiwasha kwa ajili ya hilo tu ni kutupa tokeni za stima.

Mlango wake wa kioo unasafishika kwa ndimu na magadi. Trei ya makombo ni nyembamba mno, imeshaanza kutu kwa hewa ya chumvi ya huku.

Idi Kubwa iliyopita majirani watatu walipitisha masinia yao kwangu. Idi ijayo nimeshawaambia: kila sinia lije na tokeni zake.