Kuku wa Nepal katika banda la video la Arua

Jumamosi iliyopita banda moja la video karibu na soko la Arua, hapa Uganda, lilionyesha filamu ya Kinepali, na kwa kuwa miaka yote sijaona humo ila ngumi za Wachina, mapenzi ya Wahindi na mpira wa Uingereza, nilitoa shilingi zangu 1,000 kwa hamu kubwa.

Filamu hiyo ni Kalo Pothi, yaani kuku jike mweusi, iliyoongozwa na Min Bahadur Bham na kuonyeshwa mwaka 2015 katika tamasha la Venice, ambako ilipata tuzo. Nilidhani nitakuta nakala ya filamu za Kihindi, maana hata filamu ya kwanza ya Kinepali ilitengenezwa Kolkata mwaka 1951, na ile ya kwanza kutengenezwa Nepal kwenyewe haikutoka hadi 1964. Hii haifuati njia hiyo. Wavulana wawili wa kijiji cha milimani, mmoja wao wa tabaka la chini kabisa, wanamtafuta kuku wao aliyeuzwa, wakati vita kati ya serikali na waasi wa Kimao, yaani wakomunisti wafuasi wa Mao, vimesitishwa kwa muda mwaka 2001. Kuku huyo ni mweupe, nao wanampaka rangi nyeusi ili asitambulike.

Hapo banda zima lilinyamaza. Vita vya Nepal vilikwisha mwaka 2006, mwaka uleule ambao serikali yetu na waasi wa LRA wa Joseph Kony walitia saini kule Juba makubaliano ya kusitisha mapigano, na mzee aliyekaa mbele yangu alimwinamia mjukuu wake akamwambia, "Hata sisi tulificha kuku hivi, mwanangu."

VJ, yaani yule anayefasiri filamu kwa sauti ikiendelea, alifasiri kwa Kiswahili na anastahili sifa, kwani hakuongeza matusi wala vichekesho, na suala zito la matabaka alilieleza kwa maneno machache: "Huyu akigusa maji ya jirani, yanamwagwa." Kosa lake ni kuogopa ukimya. Mwongozaji anaiacha kamera itulie kwa muda mrefu juu ya mlima au uso wa mtoto, lakini VJ alijaza kila nafasi kwa maelezo tuliyokwisha kuyaona wenyewe, na spika ile ya kulia ilikuwa ikikwaruza kiasi cha kuumiza masikio.

Lililonikera zaidi ni bango la mlangoni, lililokuwa na picha ya askari mwenye bunduki kutoka filamu nyingine kabisa. Vijana kadhaa waliokuja kutafuta mapigano walitoka kabla ya nusu saa wakidai pesa zao, na sikuwalaumu. Mwenye banda angeandika tu ubaoni kwamba ni hadithi ya watoto wawili na kuku wakati wa vita, watu wa hapa wangeelewa na wangekuja.

Ameahidi kuirudia Jumamosi ijayo saa kumi jioni. Nitakwenda tena na wanangu, na tutakaa benchi za kushoto, mbali na spika ile.