Mfuko wa Frio: Dodoma unalipa, Dar usiutegemee sana

Frio ni mfuko wa kubebea insulini isipate joto. Kabla ya kununua, jiulize kama unauhitaji. Mwenye kisukari anayechoma insulini ya Mixtard asubuhi na jioni anaweza kushinda kutwa kwenye kazi ya kujitolea, akigawa vyandarua au kuandikisha kaya, dawa ikabaki nyumbani. Mfuko huu ni wa anayechoma na mchana, au anayejitolea kambi ya siku kadhaa kijijini kusiko na friji.

Hauna betri wala barafu. Ndani ya kitambaa zimeshonwa chembechembe zinazonyonya maji. Unauloweka kwenye maji baridi dakika 5 hadi 15, chembe zinavimba kuwa jeli, unaufuta kwa taulo na kuurudisha kwenye ganda lake la nje. Maji yanapokauka kidogo kidogo huondoka na joto, vilevile mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Watengenezaji wanasema ndani hubaki chini ya nyuzi 26 kwa saa 45, hata nje kukiwa na nyuzi 37.8.

Ila mtungi nao haupozi sana mwezi wa tatu pale Kariakoo. Dodoma mchana wa kiangazi, joto likiwa nyuzi 31 na unyevu wa hewa asilimia 30, kitu kilicholowa kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 19. Dar yenye nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, mwisho wake ni 27 hivi. Ubora wa mfuko hauna la kufanya hapo. Hewa imeshashiba maji.

Nyuzi 27 haziui insulini. Chupa iliyofunguliwa kwa kawaida huvumilia hadi nyuzi 30 kwa wiki 4 hivi (soma karatasi ya dawa yako, zinatofautiana). Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Chuo Kikuu cha Geneva uliotoka 2021 ulifuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37, na insulini ikabaki na nguvu yake kwa wiki 4. Kinachoiharibu ni gari lililofungwa juani na boksi la bodaboda. Kwa mtu wa pwani, basi, kivuli ndicho kinachofanya kazi kubwa, na mfuko ni nyongeza tu.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuutia ndani ya begi lenye zipu, au chini ya koti la mvua, au kwenye mfuko wa nailoni ili usilowanishe vitu vingine. Usipopata hewa haukauki, na usipokauka haupozi. Uning'inize nje ya begi, upande wa kivuli. La pili ni kuuloweka kupita kiasi: jeli inajaa mpaka kalamu ya insulini haipenyi. Anayetumia chupa za mililita 10 na mabomba ya sindano achukue saizi kubwa. Usiuweke kwenye friza, wala usichanganye na barafu. Insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka vizuri. Vijiti vya kupimia sukari visiingie humo kabisa, unyevu huviharibu. Vibaki kwenye kopo lake.

Glukosi au soda ya kawaida, isiyo ya "zero", ikae mfuko mwingine unaofikika kwa mkono mmoja. Kutembea juani hushusha sukari, na aliyechoma pajani kisha akatembea nyumba 40 itashuka haraka zaidi, kwa hiyo siku hiyo choma tumboni. Ikishuka, mililita 150 za soda, subiri dakika 15, pima tena. Kiongozi wa kikundi aonyeshwe mfuko huo asubuhi, kabla hamjagawana mitaa.

Kazi ikiisha, toa ganda la nje, uanike mfuko ndani ya nyumba penye hewa hadi chembe zirudi kuwa ngumu. Dodoma ni siku chache. Dar hesabu wiki, na ukiufungia kabatini ukiwa na ubichi utaota ukungu.